Ngozi Yangu Juani: Kutoka Umoja hadi Sandy Bay

Jumanne, Nairobi

Mchana nimepita Biashara Street kununua leso. Muuzaji alinitandazia doti saba au nane mezani, akawa ananisomea jina la kila moja kwa sauti, mpaka akafika kwenye "Siri ya mtungi aijuaye kata", ya samawati na nyeusi. Nikamwambia asiendelee. Akauliza kama nampelekea bibi harusi. Nikasema moja ni zawadi ya wifi yangu, nyingine ni ya kukalia ufuoni. Akazikata, akazipinda kingo kwa cherehani palepale. Hakuuliza ni ufuo gani, nami sikumwambia.

Ni Sandy Bay, upande wa Atlantiki wa Cape Town, ambako watu huota jua na kuogelea bila nguo. Kwa miaka mitatu nimepanga safari hii na kuiahirisha.

Nina vitiligo, ambayo baadhi ya watu huiita mbalanga. Ilianza nikiwa na miaka 19, doa dogo kama punje ya mchele karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Sasa nina miaka 41, na mabaka yamefunika mikono yote miwili, magoti, kiuno na sehemu kubwa ya mgongo. Si ukoma na haiambukizi. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia chembe zinazoipa ngozi rangi, na zinapokufa panabaki peupe. Inakadiriwa kuwa mtu 1 hivi kati ya kila 100 duniani anayo. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nairobi nimevaa mikono mirefu kwa miaka 22, hata Februari jua linapowaka tangu asubuhi. Kwenye matatu ya Umoja, mtaa ninakokaa, kiti cha kando yangu ndicho hujaa mwisho. Siwalaumu sana, mtu huogopa asichokijua. Lakini macho yana uzito, na ukiyabeba kila siku unachoka. Nimewahi kuwekewa mkono kichwani na mtu nisiyemjua, katikati ya steji, akaniombea nipone bila hata kuniuliza jina.

Marehemu nyanya yangu wa Murang'a ndiye aliyeliona doa la kwanza. Nilikuwa nimelificha miezi minane. Siku moja nikimmiminia maji ya kunawa, mkono wa sweta ukapanda, akanishika kwa vidole vilivyolowa. "Mficha uchi hazai," akasema, na kesho yake akanipa nauli ya kwenda kwa daktari. Nilienda kwa daktari. Kuficha ndiko sikuacha.

Alhamisi, Nairobi hadi Cape Town

Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwenda Afrika Kusini, anaruhusiwa siku 90 kwa mwaka. Kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano, lakini usiisahau. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya uwanja wa ndege aliiacha nyumbani, na nilimwona akipiga simu huku jasho linamtoka.

Mama nimemwambia naenda kumtembelea kaka. Ni kweli, ila si yote. Alinifungia njugu na pakiti mbili za unga wa wimbi za kumpelekea mwanawe, akanisindikiza mpaka langoni. "Msalimie mkaza mwana wangu. Na ujifunike, huko nasikia kuna upepo."

Ndege ilichukua karibu saa sita. Tulipotua nilirudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, na hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza: karibu saa mbili za usiku, jua bado liko angani! Nairobi saa hizo watu wameshafunga mapazia. Huku mwisho wa Januari mchana hauishi, na kwa mtu mwenye ngozi kama yangu hilo ni jambo la kulipigia hesabu.

Ijumaa, Cape Town

Kaka na mkewe wanakaa mtaa wa Observatory, nyumba ndogo yenye baraza la chuma. Wifi ni muuguzi. Ndiye aliyenitajia Sandy Bay mara ya kwanza, baada ya kwenda na wenzake wa kazini. Yeye mwenyewe hakuvua, alibaki na nguo yake ya kuogelea na hakuna aliyemsemesha. "Wifi, pale hakuna anayekulazimisha," aliniambia kwenye simu. "Hata ukikaa na koti lako la baridi, ni wewe tu."

Jioni jirani yao alikuja na sahani ya biskuti. Ni mama mtu mzima, wa jamii ambayo huku huitwa Coloured, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizohamishwa District Six baada ya serikali kuutangaza mtaa huo kuwa wa wazungu mwaka 1966. Wifi alipomtajia kuwa tunataka kwenda ufuoni, aliuliza upande gani. Tukamwambia Llandudno, jirani na Sandy Bay. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa utotoni mwake huko walipaona kupitia dirisha la gari tu. Ufuo mzuri ulikuwa na kibao, na kibao kilisoma ngozi yako kabla hujafika majini. Sheria ya kutenga mahali pa umma kwa rangi ya ngozi ilipitishwa mwaka 1953. Fukwe zilifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa 1989, na mwaka uliofuata sheria yenyewe ikafutwa.

Nilikuwa nimevaa mikono mirefu. Wakati anaondoka alinishika kiganja, akaliona baka, akaendelea kukishika vilevile.

Jumamosi

Upepo. Wanauita Daktari wa Rasi, kwa imani kwamba hupeperusha uchafu na maradhi ya mji. Leo daktari huyo ametibu mpaka mabati. Hatukwenda popote. Nilipika sukuma na ugali, kaka akala kama aliyetoka kifungoni.

Jumapili, Sandy Bay

Upepo ulilala usiku. Saa tatu kasoro asubuhi tulikuwa barabarani. Kaka anajua tunakoenda, lakini kwetu kaka na dada hawazungumzii mambo hayo, kwa hiyo njia nzima alizungumzia breki za gari. Alitushusha kwenye maegesho ya Sunset Rocks, mwisho wa Llandudno. "Nitakuja saa saba," akasema akiangalia usukani.

Kutoka hapo ni kwa miguu, kama dakika ishirini. Njia inapita kwenye vichaka vya fynbos, mimea ya huku yenye majani magumu na harufu kali ukiigusa, kisha inapanda na kushuka kati ya mawe makubwa ya granaiti yaliyolainishwa na upepo. Ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Table Mountain. Hakuna kioski, choo wala mwokozi wa majini. Maji ya kunywa unabeba mwenyewe. Watu wamewahi kuporwa kwenye njia hiyo, kwa hiyo wifi alisisitiza twende wawili na simu zikae ndani ya begi. Ningemshauri hivyo mwanamke yeyote anayefikiria kwenda.

Jambo jingine ambalo msafiri anapaswa kulijua: Sandy Bay haijatengwa kisheria kuwa ufuo wa watu wasiovaa nguo. Imezoeleka tu, kwa miongo mingi, na inavumiliwa. Huko mbali na njia ndiko uchi unakoeleweka, si kwenye maegesho wala Llandudno yenyewe, ambako familia zinacheza na watoto.

Tulipotokeza kwenye mchanga, nilihesabu watu kumi na wawili, wametawanyika mbali mbali. Wengi walikuwa wanaume, wengine wawili wawili. Wanawake wawili wa makamo walikuwa wamekaa chini ya mwavuli wanakula embe. Karibu na mawe, mzee mmoja aliyevaa kofia tu alikuwa anajaza fumbo la maneno gazetini, na kifuani alikuwa na kovu refu lililonyooka, la kupasuliwa moyo. Alituinamishia kichwa, akasema "Morning", akarudi kwenye fumbo lake.

Wifi alitandika leso zetu mbili kando kwa kando, akanikumbusha adabu za mahali: hukai juu ya chochote bila kitambaa chako chini, hutoi kamera, humkodolei mtu macho, humsogelei asiyekukaribisha. Akavua gauni, akabaki na nguo yake ya kuogelea, akajilaza na kufumba macho. Nafikiri alifumba kwa ajili yangu.

Nilikaa pale na nguo zangu zote kama nusu saa. Nyumbani wakati huo kwaya yetu ilikuwa inaingia kanisani, na nikawaza kama ninachofanya kitanifanya nishindwe kuwatazama Jumapili ijayo. Nililipima hilo kwa dhati. Sikuona ninayemkosea.

Kisha nikavua. Na lazima niseme ukweli kuhusu hili, kwa sababu nilikuwa nimelihofia kwa miaka mitatu na nilihofia kitu kisicho chenyewe. Nguo iliyonishinda haikuwa ile ambayo mtu angedhani. Ilikuwa blauzi, mikono yake mirefu. Kifungo cha kifundo cha kulia, pale doa la kwanza lilipoanzia, kilinichukua muda kuliko vingine vyote pamoja. Kilipofunguka na mkono ukatoka nje juani, vilivyobaki vilifuata bila mjadala.

Hakuna aliyegeuka. Wale wa embe walikuwa wanagombania kokwa. Mzee alikuwa ameweka kalamu mdomoni.

Nimezoea kutotazamwa kwa namna moja tu, ile ya Nairobi, ambapo mtu ameshaniona, akashtuka, akageuza shingo kwa adabu. Kutotazamwa huku kulikuwa kwingine kabisa. Macho ya watu yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya jiwe na ndege wa majini, yakaenda zake. Nililia kidogo. Wifi alisikia, akanyoosha mkono bila kufumbua macho, akanipa chupa ya losheni ya jua.

Losheni hiyo kwangu ni lazima. Kwenye baka hakuna melanini kabisa, yaani hakuna kivuli cha asili, na jua huunguza pale upesi sana. Nilitumia ya kiwango cha 50, nene, na unatakiwa kuirudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Mgongo sikuufikia. Wifi aliinuka, akaanza kunipaka, polepole, baka kwa baka, kama anavyofanya wodini. "Kaka yako alilipa mahari ya kunioa mimi," akasema. "Ya kumpaka dada yake mafuta hatujaijadili." Nikacheka mpaka wale wa embe wakacheka pia bila kujua kisa.

Bahari haina huruma. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu, yaliyopata joto, kwenda bahari kuu, na maji ya chini hupanda kujaza nafasi, yakiwa baridi kama ya kwenye jokofu. Ndiyo maana katikati ya kiangazi Atlantiki ya huku inaweza kuwa nyuzi 12 hivi, wakati Mombasa mtu anaingia baharini kama anaingia kwenye beseni la mtoto. Nilipofika magotini nilitaka kurudi. "Ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga!" wifi akapiga kelele kutoka kwenye leso, na safari hii methali ilikuwa na maana yake ya neno kwa neno. Nikajitosa. Nilikaa majini muda wa kusema Baba Yetu mara mbili, nimezungukwa na mwani mrefu wa kahawia unaopepea kama mikanda. Nilipotoka nilihisi upepo mgongoni. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho upepo uliugusa mgongo wangu.

Saa saba tulikuwa kwenye maegesho, tumevaa. Kaka akauliza kama tuna njaa.

Jumatatu

Wifi ana zamu ya usiku. Nimeshinda nasoma. Desturi hii ya kukaa uchi pamoja kwa ajili ya jua na afya ilipata vyama vyake vya kwanza Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Shirikisho lake la kimataifa lilizaliwa Montalivet, Ufaransa, mwaka 1953, na mwaka 1974, huko Cap d'Agde, likakubaliana juu ya maana ya jambo lenyewe: maisha ya kupatana na maumbile, ambamo uchi wa pamoja unalenga mtu ajiheshimu, awaheshimu wengine na aheshimu mazingira. Neno heshima ndilo lililonikamata. Sikulitegemea hapo.

Na mwaka 1953 nilikuwa nimeshausikia Ijumaa, kinywani mwa jirani. Mwaka huohuo, watu wa Ulaya wanaungana ili ngozi iwe huru juani, na huku bunge linaandika ngozi ipi iogelee wapi. Nimeliwaza hilo siku nzima.

Nisieleweke vibaya: kwetu Kenya hakuna ufuo wa namna hii, na sitaki Diani wala Lamu igeuzwe. Pwani yetu ina wenyewe na ina heshima yake, na anayekwenda pale ajisitiri. Mimi nilichokitaka nimekifuata kilipo.

Jumanne, Sandy Bay tena

Wifi alitoka zamu asubuhi, akanywa chai amesimama, akasema twende, atalala hukohuko. Tulipanda basi la MyCiTi la Hout Bay, likatuacha juu ya Llandudno, tukateremka kwa miguu. Ufuo ulikuwa mtupu kuliko Jumapili, watu watano tu. Mzee wa fumbo hakuwepo. Wifi alijifunika kofia usoni na kulala fofofo kabla sijafungua begi.

Mara hii sikukaa nusu saa na nguo. Nilipaka losheni, nikaingia majini, nikatoka, nikakaa kuangalia goti langu la kushoto. Naandika sentensi hiyo kwa makusudi, kwa sababu sidhani niliwahi kulifanya hilo mchana kweupe. Nyumbani naoga upesi na kuvaa upesi. Mwili wangu naujua kwa kupapasa. Na kwenye lile goti, katikati ya baka, niliona vitone vya kahawia, vidogo kama vya kalamu, kila kimoja kimezunguka shimo la unywele. Rangi ikianza kurudi kwenye ngozi ya vitiligo, mara nyingi huanzia hapo, kwenye vinyweleo, kwa kuwa ndani yake kuna chembe za rangi zilizonusurika. Daktari alinieleza hayo miaka saba iliyopita, nilipokuwa nikipata tiba ya mwanga hospitalini. Niliiacha baada ya miezi minne nikiamini haijafanya chochote. Sijui vitone hivi vina umri gani. Vilikuwa chini ya suruali.

Mwanamke mmoja alipita akiwa na mbwa, akasimama kuuliza kama basi la kurudi linapita kila baada ya muda gani. Nikamweleza. Akasema maji leo ni mabaya zaidi kuliko jana, akaenda. Nilikaa nikayarudia mazungumzo hayo kichwani, nikitafuta mahali ngozi yangu ilipoingia. Haikuingia.

Kisha nikalala kifudifudi juu ya "Siri ya mtungi", na usingizi ukanichukua. Losheni ya mgongoni ilikuwa imebaki baharini.

Jumatano, hewani

Mgongo unawaka. Saa sita nzima nimekaa nimeegemea mbele kama mtu anayesubiri kuitwa. Wifi alinipaka dawa aliyokuwa nayo na kujilaumu kwa kulala, nami nikamwambia asithubutu, losheni ilikuwa mkononi mwangu. Leso yake amebaki nayo. Ameitundika mlangoni.

Alhamisi, Umoja

Mama alinigundua asubuhi, kabla ya chai. Nilishindwa kuinua sufuria. Alinisogezea kigoda, akakata jani la alovera kwenye kopo lililoko dirishani, akalipasua kwa kisu, akaniambia nivue.

Mama hajauona mgongo wangu tangu niko chuoni. Nilipovua blauzi nilimsikia akinyamaza. Wakati ule nilikuwa na doa moja mkononi. Kisha ule ute baridi ukagusa bega langu, na vidole vyake nyuma yake.

"Umeungua vibaya," akasema. "Ulilala wapi?"

Nikamwambia. Sikuanza na Ufaransa wala Ujerumani. Nilianza na kifungo cha mkono wa kulia, kisha mzee wa fumbo, kisha maji. Nilimwambia sote tulikuwa hatuna nguo, isipokuwa mkaza mwana wake. Mkono ulisimama hapo. Nje, konda alikuwa anaita watu wa tao. Nilingoja.

"Na walikuangalia?"

"Hapana, mama."

Akakata kipande kingine. Aliendelea kupaka, akifuata kingo za kila baka kwa kidole kama mtu anayesoma, mpaka katikati ya mgongo, akasimama tena na kuniomba nimpe miwani yake mezani.

"Hivi vitone vyeusi ni nini?"

"Viko mgongoni pia?"

"Viko vingi," mama akasema. "Inama kidogo, nivione vizuri."